Mkebe Usiovuja

Ninyi mnaofunga chakula cha watoto asubuhi huku jicho moja liko kwenye saa, hadithi hii ni yenu. Nitaisimulia polepole, maana ina mambo madogo madogo, na madhara yalijificha kwenye hayo madogo.

Fundi mmoja wa bati alikuwa na banda lake la kazi mbele ya nyumba, hatua nne tu kutoka mlangoni. Alitengeneza mifereji ya paa, masanduku ya nguo, ndoo na makarai. Kila alasiri binti yake wa miaka minane alirudi kutoka shule, akavua viatu, akakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa na kufanya hesabu zake kwa sauti. Baba anapiga nyundo, mtoto anapiga jedwali. Saba mara sita, ko! Arobaini na mbili, ko! Mtaani walimwita mtoto huyo Cherehani, kwa jinsi mdomo wake ulivyokwenda mbio bila kukata uzi. Wateja walikaa pale hata baada ya kuchukua ndoo zao, wakimsikiliza na kucheka. Fundi alijifanya hasikii, lakini masikio yalikuwa yamesimama kama ya sungura.

Siku moja Cherehani alirudi kimya. Alifungua mkoba wake, akatoa daftari la hesabu. Lilikuwa limelowa mchuzi wa maharage kutoka jalada hadi jalada.

"Kopo limepasuka," alisema, midomo ikimcheza. "Mwalimu kasema daftari linanuka kitunguu. Wote wamenicheka."

Kopo lenyewe lilikuwa la aiskrimu, la plastiki nyembamba, ambalo mama yake alilitumia tangu mwaka uliopita. Mama aliutazama ule ufa wa pembeni akaona haya. Akamtumia salamu dada yake, ambaye alikuwa mpishi wa kantini ya kiwandani, amtafutie chombo cha maana.

Dada mtu hakukawia. Jumamosi alifika na mkebe wa stili, mzito kidogo, wenye mfuniko wa kubana kwa ndoano mbili na mpira wa kuzunguka mdomo. Mama aliugeuzageuza mikononi akafurahi. Fundi yeye alisimama mlangoni na mkasi wake wa bati, uso umemshuka.

"Kwa hiyo, shemeji," alisema, "mtoto wa fundi bati abebe mkebe wa dukani? Watu wakiniuliza niwajibuje?"

"Wajibu kwamba mtoto ameshiba," shemeji alisema.

Mama alicheka, Cherehani akacheka, na Fundi naye akacheka. Lakini lile neno lilimkaa kooni. Kesho yake alikata shauri kutengeneza mkebe wake mwenyewe.

Alichukua bati lililobaki kwenye kazi ya mifereji, akalipima kwa kiganja cha binti yake ili liingie vizuri mkobani. Alilikunja, akauzungushia mdomo wake waya ili usimkate mtoto, akaupa mfuniko wa kubana na mshikio. Kisha akafanya jambo ambalo lingekuja kumtoa machozi. Ili mchuzi usipate pa kutokea, alijaza lehemu kwa ndani, kwenye kila mshono na kila pembe, si mara moja bali mara mbili, mpaka mishono ikanona kama kamba ya kiatu. Aliujaza maji, akauweka juu ya gazeti tangu asubuhi hadi saa tisa. Gazeti halikupata hata tone.

"Njoo uone, mama!" alimwita mkewe. "Njooni wote mwone!"

Shemeji, aliyekuwa bado hajaondoka, aliingiza kidole ndani akaupapasa mshono.

"Shemeji, hii lehemu umeitoa wapi?"

Fundi alionyesha kwa kidevu rundo la betri za magari zilizokufa, kando ya banda. Yeye alizivunja, akayeyusha vibao vya risasi vilivyomo na kuchanganya na lehemu kidogo ya dukani. Mafundi wengi walifanya hivyo. Kwa mfereji wa paa hakuna aliyelalamika.

"Betri?" shemeji alisema. "Kantini kwetu sufuria ikichubuka tu hawaturuhusu kuipikia. Sijui kwa nini, lakini hawaturuhusu. Sembuse betri!"

"Kantini kwenu mna sheria nyingi kwa sababu chakula chenu hakina ladha," Fundi alimjibu. "Mko bize na sufuria."

"Haya. Basi tieni humo vitu vikavu."

"Mkebe usiovuja nitie vitu vikavu? Kwani nimetengeneza wa kubebea karanga?"

Walicheka tena. Jamani, kicheko kinaweza kufunga mdomo wa mtu kuliko kofi. Shemeji alichukua mkoba wake akaaga. Mkebe wake wa stili uliwekwa juu ya kabati, mama akatia humo vifungo na sindano.

Ule wa baba ulikwenda shule. Watoto waliuona haumwagi hata ukipinduliwa, wakaenda kusema kwao, na majirani wakaja mmoja mmoja. Kabla ya mwezi kwisha Fundi alikuwa ametengeneza mikebe kumi na mmoja kwa watoto wa mtaa ule. Alitembea kichwa juu.

Mama alifunga chakula kila siku kabla ya jua kutoka. Wali au viazi, maharage au mboga kwenye mchuzi wa nyanya, na juu yake alikamua ndimu, maana aliamini ndimu inakizuia chakula kisichache. Alikitia kingali moto na kufunga. Kikakaa humo hadi saa saba mchana. Jioni aliusugua mkebe kwa nguvu, kwa mchanga na waya wa kusugulia, mpaka ung'ae.

Wiki ya tatu au ya nne Cherehani alisema, "Mama, chakula kina ladha kama nimeramba ufunguo."

"Umewahi kuramba ufunguo wewe?" baba yake alidakia.

"Ndiyo. Wa mlango huu."

Nyumba nzima iliangua kicheko, na neno lile likapita hivyo hivyo, likageuka la utani. Kila chakula kikiungua au kikizidi chumvi, Fundi aliuliza kama ni ufunguo au kitasa.

Kisha tumbo likaanza. Lilimkata, likaacha, likamkata tena. Choo kikawa kigumu. Mama alimpa dawa ya minyoo, baada ya mwezi akampa tena. Uso wa mtoto ukapauka, nguo zikampwaya. Aliamka na kichwa kinamuuma, akawa mkali kwa mambo ya bure, analia kiatu kikichelewa kuingia mguuni. Mwalimu alipita bandani siku moja akasema, "Fundi, mtoto wako analala macho wazi. Namwita mara tatu ndipo anageuka."

Alasiri hiyo Fundi alimkalisha pale kwenye ndoo.

"Saba mara sita."

Cherehani alimtazama. Alifungua mdomo, akaufumba. Akaanza kuhesabu vidole, vikamchanganya, akaanza upya.

"Saba mara sita! Ulikuwa unaijua hii ukiwa na miaka saba. Uvivu umeanza lini?"

"Baba, naijua. Imejificha tu."

"Imejificha! Msikieni," Fundi aliwaambia wateja wawili waliokuwa wamesimama pale. "Mvivu mkubwa huyu."

Wateja wakatabasamu kwa adabu. Mtoto akainamisha kichwa. Ndugu zangu, neno lile Fundi alilisema mara moja tu, lakini amelisikia masikioni mwake mara nyingi kuliko mlio wa nyundo.

Siku kumi baadaye waliitwa shuleni mbio. Cherehani alikuwa ameanguka darasani, mwili unamtetemeka, meno yamebana. Fundi alimbeba hadi hospitali akiwa bado na aproni yake ya ngozi.

Daktari alikuwa mwanamke mtulivu, wa maneno machache. Alimtuliza mtoto kwa sindano, akamtazama macho na kucha, kisha akamfungua mdomo na kuangalia ufizi muda mrefu. Kulikuwa na mstari mwembamba wa rangi ya buluu iliyoiva, kama wino, chini ya meno.

"Baba unafanya kazi gani?" aliuliza.

"Fundi bati."

"Unatumia risasi?"

"Ya kulehemu, ndiyo. Lakini mtoto haigusi, daktari. Nimemkataza."

Daktari alichukua damu ipelekwe maabara, akaamuru aletewe kila chombo ambacho mtoto anakulia na kunywea. Mama alileta vyote kwenye kapu: sahani, kikombe, kijiko, chupa ya maji. Na mkebe.

Daktari aliunyanyua mkebe kwenye mwanga wa dirisha, akampa Fundi mwenyewe. "Wewe ndiye fundi. Utazame, uniambie unaona nini."

Fundi aliutazama. Tangu siku alipoutengeneza hakuwahi kuangalia ndani yake. Aliutia kidole gumba kwenye pembe, na kidole kikajua kabla ya kichwa kujua. Mishono ile aliyoinonesha kama kamba ya kiatu ilikuwa imekonda. Mahali pengine palibaki mstari kama uzi, una vitobo vitobo, kijivu kisicho na uhai. Kazi ya mkono wake aliijua. Alijua aliweka lehemu kiasi gani.

"Imepungua," alisema. "Imelika."

"Imekwenda wapi?"

Fundi alikiangalia kitanda, mtoto aliyelala humo akiwa na mkono mwembamba umefungwa bomba la dawa. Aliketi sakafuni, pale pale, mkebe mapajani.

"Nyanya na ndimu huila risasi," daktari alisema, na sauti yake haikuwa ya kumlaumu. "Moto unaongeza, kukaa saa nyingi kunaongeza, na kusugua kunaongeza. Kidogo kidogo, kila siku ya shule. Majibu ya damu nitawapa, lakini mkebe huu usirudi nyumbani."

Mama ndiye aliyesema, kwa sauti ya chini, "Alituambia. Alituambia kuhusu ufunguo, tukacheka."

Majibu yalikuja kama daktari alivyohofia. Mtoto alilazwa wiki nyingi akipewa dawa ya kuitoa risasi mwilini. Fundi alimuuliza daktari kama mtoto atakuwa kama zamani. Daktari alisema tumbo litapona na damu itarudi, lakini kilichofika kichwani hawezi kuahidi.

Ndipo Fundi alipokumbuka ile mikebe kumi na mmoja.

Kuipeleka alikuwa ameipeleka kifua mbele. Kuifuata kulikuwa safari nyingine. Alianza siku hiyo hiyo, mlango kwa mlango, na mkewe nyuma yake. Wa kwanza alikuwa mshona viatu, akautoa bila swali. Muuza mkaa hakuwa mwepesi hivyo.

"Fundi, ulinisifia mkebe huu nusu saa nzima, leo unakuja kuufuata? Umepata mteja mzuri zaidi?"

"Hapana, dada yangu. Una sumu."

"Sumu! Mwanangu anakula humo kila siku, na ananisumbua vile vile!"

Watu wakaanza kusogea. Fundi angeweza kusema kwamba bati ni bovu, au kwamba dukani walimuuzia kitu kibaya. Alivua kofia.

"Nimemlisha mwanangu risasi," alisema mbele yao wote. "Kwa mikono yangu hii. Wako bado ana muda. Mpeleke akapimwe, tafadhali. Nitakuja nawe nimwambie daktari ni kazi yangu."

Muuza mkaa aliacha mzaha. Aliingia ndani, akamwaga maharage yaliyobaki humo, akamletea Fundi mkebe ukiwa bado na mchuzi. "Nimekufungia chakula humu asubuhi hii," alimwambia mwanawe aliyemfuata mlangoni, akimshika kichwa kama anayempima homa.

Watoto walipimwa. Watatu walikutwa na risasi kwenye damu, wakaanza kutibiwa kabla haijawaangusha. Fundi aliipondaponda mikebe kwa nyundo, na zile betri akazitoa kabisa pale karibu na nyumba. Lakini aliyoipata ilikuwa kumi. Wa kumi na moja ulikuwa wa mwashi mmoja aliyekuwa amehama na watoto wake wawili, na hakuna aliyejua amehamia wapi. Fundi aliuliza kwenye kila jengo linalojengwa. Bado anauliza.

Cherehani alirudi nyumbani. Tumbo halimuumi tena. Darasa amelirudia, na anajitahidi, na anacheka. Ila ukimuuliza jambo, inabidi usubiri, na baba yake amejifunza kusubiri bila kunyanyua uso, ili mtoto asione anavyomtazama.

FUNZO

Chombo kizuri cha chakula si kile tu kisichomwaga. Kwanza uliza kimetengenezwa kwa kitu gani, na kabla ya kuja kwako kilikuwa na nini. Kopo la rangi, la dawa ya mimea au la mafuta ya gari halisafishiki likawa la chakula, hata ulioshe kwa majivu mwaka mzima. Bati la paa na lehemu ya betri vibaki kwenye paa. Plastiki nyembamba ya aiskrimu usiitie chakula cha moto, na ikipata ufa itupe, usiifunge kwa utepe. Stili nzuri isiyoshika kutu, au plastiki ngumu iliyotengenezwa kwa ajili ya chakula, yenye mfuniko wa kubana na pembe ambazo kidole chako kinafika kuosha, inatosha. Haihitaji kuwa ya kifahari.

Mwenzako akikuonya, usimjibu kwa mzaha ili asiseme tena. Na mtoto akikuambia chakula kina ladha ya ajabu, weka kijiko chako humo humo uonje, siku hiyo hiyo, kabla hujacheka.