Hodi ya Mashine

Siku ile walikuwapo watatu tu: rafiki yangu Kokugonza na Zephania, wanaosafisha ghala la makumbusho moja huko Seven Hills, ughaibuni, na Jacky, mlinzi wa mlangoni.

"Dada Koku, simu yako nimeichukua nikaichaji. Chai imo kwenye chupa, usijitese," Zephania alisema, akatoka kufagia uani.

Kokugonza akabaki na mashine ya kusema, sanduku la mbao lililoundwa Ulaya mwaka 1791. Mvukuto ndio mapafu yake, ngozi laini ndiyo mdomo. Jacky alikuwa amemwambia kwamba ilikufa zamani.

Alifuta vumbi huku akikiwaza chumba chake cha Ingleburn, anakoishi peke yake, na ambako kwa miaka miwili hakuna mtu aliyewahi kubisha.

Mvukuto ukaanza kujaa wenyewe, polepole, ukikwaruza kama kifua chenye pumu. Mdomo wa ngozi ukaachama.

"Ho-di."

Koku alikuwa na hamu ya neno lile kiasi kwamba aliitikia kabla hajafikiri. "Karibu."

Mvukuto ukashuka. Pumzi ya baridi ikampita shavuni.

Zephania akachungulia. "Unaongea na nani?"

"Na simu."

"Simu yako ninayo mimi, dada."

Jumamosi iliyofuata jirani wa Koku wa ghorofa ya chini, bibi mmoja mwenye huruma, alimpelekea keki. Alisema amefurahi Koku amepata mtu wa kuishi naye, maana mchana, Koku akiwa kazini, humsikia huko juu akijifunza kusema.