Kibati cha Baba

Kila siku baada ya masomo, Kijiti alimpelekea baba yake chakula kwenye mgodi wa makaa ya mawe. Jina hilo la utani alipewa kwa sababu alikuwa msichana mrefu na mwembamba. Wachimbaji walimtania kwamba asiposhika kopo la chakula, upepo utampeperusha.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba, mjukuu wangu. Kaa, jua kali hili."

Huyo alikuwa Babu Ubao, mzee mwenye mguu mbovu. Alitunza ubao wa misumari uliokuwa mlangoni mwa mgodi. Mchimbaji akiingia, alitundika kibati chake chenye namba. Akitoka, alikichukua. Kibati kikiwa ubaoni, mwenyewe yuko chini. Kigoda cha mzee kilikuwa kimoja tu, lakini kila Kijiti alipofika alimwachia, yeye akaegemea ukuta.

Siku hiyo mzee aliitwa kusaidia kufungua lango kubwa. Kijiti akabaki peke yake, akitazama ubao. Kibati cha baba yake kilikuwa kimechafuka kuliko vyote. Baba yake alikuwa fundi wa nguzo; alisimamisha magogo ya kushikilia paa la mgodi, mara nyingi akiwa peke yake kwenye vichochoro vya mbali. Kijiti akamwonea huruma. Akakitoa kibati msumarini, akachota mchanga, akaanza kukisugua.

"Atakapokiona hivi, atacheka," alijisemea.

Mara king'ora kikalia.

Kijiti alishtuka, akakitia kibati mfukoni na kukimbilia nje ya uzio. Moshi mzito ulikuwa ukitoka mlangoni. Wachimbaji walitoka mbio wakikohoa, nyuso zao zote nyeusi, nani amjue nani. Kila mmoja alinyakua kibati chake na kwenda kutafuta hewa. Kijiti aliwakagua mmoja mmoja. Baba yake hakuwamo.

"Mkanda wa kubebea makaa umeshika moto," mchimbaji mmoja alisema.

Msimamizi alifika na kuutazama ubao. Misumari ilikuwa mitupu.

"Wote wametoka," alisema. "Fungeni mlango wa chuma. Moto ukikosa hewa utazimika."

Wanaume wawili wakaanza kuusukuma mlango. Kijiti alikigusa kibati mfukoni. Akisema, Babu Ubao atafukuzwa kazi kwa kumruhusu kukaa pale. Akisema, watu wote watamtazama. Mlango ulikuwa ukisogea, ukikwaruza chini.

Ndani ya moshi ule yumo mtu asiyejua kwamba anafungiwa.

Kijiti aliupita uzio, akamshika msimamizi mkono wa shati.

"Baba yumo ndani."

"Wewe mtoto, ondoka hapa. Ubao hauna kitu."

"Kibati chake ninacho mimi." Alikitoa mfukoni, mkono ukitetemeka. "Nilikuwa nakisafisha."

Babu Ubao alikuwa amerudi kutoka lango kubwa. Alikitazama kibati, akasoma namba, uso ukamlegea.

"Fundi wa nguzo," alisema. "Simamisheni huo mlango."

Watu wanne walivaa vinyago vya hewa na kuingia. Kijiti hakuweza kutazama. Alikaa chini, na Babu Ubao akaketi kando yake mchangani, akamfunika mabega kwa koti lake. Kusubiri kulikuwa kurefu. Kila sauti iliyotoka chini ilimshtua.

Hatimaye walitokea, wamembeba mtu. Alikuwa amejifunga kitambaa kibichi usoni. Alikohoa, akafumbua macho, akamwona binti yake.

"Chakula changu umekiweka wapi?" aliuliza kwa sauti ya kukwaruza.

Kijiti alilia mpaka kwikwi zikamshika.

Kabla ya jioni msimamizi aliwakusanya watu wote. Hakumfukuza mzee. Alisema kosa ni lake pia, kwa kuwa aliuamini ubao bila kuwaita watu. Tangu siku hiyo ubao ulizungushiwa wavu wenye kufuli. King'ora kikilia, wachimbaji hupanga mstari na kuitwa mmoja mmoja, kila mtu aitike kwa mdomo wake.

Kijiti alimrudishia Babu Ubao koti lake, macho chini.

"Nilitaka kumfurahisha baba tu."

"Najua, mjukuu wangu," mzee alisema. "Lakini kitu kinacholinda uhai hakiguswi, hata kwa mapenzi. Na ukishakosea, usisubiri woga uishe ndipo useme. Sema nao hivyo hivyo. Leo umesema huku unatetemeka, na baba yako anapumua."

Baba yake alikipokea kibati, akakigeuzageuza. Upande mmoja ulikuwa unang'aa, wa pili mweusi bado.

"Umenisafishia nusu," alisema. "Nusu hii nyingine tutaimalizia nyumbani, siku ya mapumziko."