Sindano Saba za Bahtiar

"Saodah, tuvunje uchumba. Usiniulize sababu. Tafuta mwingine."

Ujumbe huo ulimkuta Saodah akikoroga mchuzi wa lontong, wali wa kushindilia anaouza kibandani kwake. Akauacha mwiko ndani ya sufuria, akavuka barabara hadi kwenye kibanda cha kunyolea cha Bahtiar. Mteja alikuwa kanyolewa upande mmoja tu.

"Mwingine yupi? Nina miaka hamsini na minne, Abang Bahtiar. Nimzae?"

"Dik Saodah, mbele za watu..."

"Watu wazibe masikio. Sema!"

Bahtiar akachomoa bahasha nyuma ya kioo. Skani walikwenda wote wawili, ila majibu alikuwa ameyafuata peke yake jana. Uvimbe kwenye taya la kushoto, vivuli vyeupe, inashukiwa saratani.

"Sitaki nikuoe mwezi huu, mwezi ujao ukae eda. Ulishakaa moja, inatosha."

Saodah akasoma mara mbili.

"Wameandika inashukiwa. Wewe umeshajichimbia kaburi na sanda umenunua! Kesho tunakwenda hospitali ya Penang, ng'ambo ya bahari, wakaisome upya."

Kwenye ndege ya asubuhi kutoka kwao Medan, nusu ya abiria walikuwa wamekumbatia bahasha kama ile.

Daktari Leong, mama wa Kichina mwenye miwani puani, aliinua picha kwenye mwanga.

"Nyama haing'ai namna hii. Tumtie kwenye mashine ya sumaku."

Nesi akaja na fomu, akamwita mjomba kwa Kimalay.

"Pakcik, una chuma chochote mwilini? Risasi, skrubu?"

"Sina."

"Susuk?"

Bahtiar akakohoa. Susuk ni vile visindano vya dhahabu ambavyo mganga humdunga mtu chini ya ngozi ili apendwe. Kila mtu anavijua, na hakuna anayekiri kuwa navyo.

"Sina," alisema, sauti imepasuka.

"Nauliza kwa sababu mashine hii hupasha moto kilichomo. Shavu likiiva, usinilaumu mimi."

Bahtiar akamtazama Saodah, kisha sakafu.

"Binti, huyu mama anaweza kutoka nje kidogo?"

"Sitoki," akasema Saodah.

"Saba," Bahtiar akanong'ona.

"Saba nini?"

"Sindano. Mganga alisema zitayeyuka kwenye damu!"

Wakampiga picha ya kawaida ya taya, kutoka upande. Zilikuwemo zote saba, zimejipanga kama njiti za kuchokolea meno, mbili zimevunjika.

"Kule kwenu hawakukuuliza?" Daktari Leong alishangaa.

"Waliniuliza. Saodah alikuwa amekaa pembeni."

Hata hivyo daktari alinyofoa kipande cha ule uvimbe kikapimwe, akasema warudi baada ya siku tatu.

Siku tatu hizo zilikuwa ndefu! Saodah alinuna, akahamia kwa shangazi yake aliyeko Penang, Bahtiar akabaki nyumba ya wageni akimwandikia ujumbe.

"Umekula?" Kimya.

"Nisamehe." Kimya.

"Nijibu hata tusi."

Simu ikalia. "Tusi."

Bahtiar aliubusu ujumbe ule.

Siku ya tatu daktari aliwatazama wote wawili.

"Hakuna saratani. Ni kovu tu, nyama imezikasirikia sindano."

Bahtiar akalia kwa sauti. Saodah akageukia ukutani, mabega yakimcheza. Alipomaliza kufuta machozi, akamkokota hadi kwa muuza mishikaki ng'ambo ya barabara.

"Ng'ata kwenye kijiti."

Bahtiar akaganda. Mwenye susuk akila nyama kwenye kijiti, dawa inakufa. Mwaka mzima alikuwa anazichomoa nyama kwa uma kama mwana wa sultani.

"Nikila halafu usinitake?"

"Basi tujue leo, kabla ya kadhi."

Akang'ata. Akafumba macho, akatafuna kama anayetafuna hukumu.

"Fumbua."

"Unanionaje?"

"Mfupi. Meno kama ua wa jirani, ukuti huu umesimama, huu umelala."

"Na kabla ya leo?"

"Hivyohivyo. Ulizidunga lini?"

"Baada ya Idi, mwaka jana."

"Mjinga wewe! Tangu Shaabani, kabla ya hiyo Idi, nilikuwa nakuwekea mayai mawili kwenye lontong, wateja wenzio moja moja. Ulidhani sijui kuhesabu?"

"Mbona ulikuwa unanikatalia?"

"Nilikukatalia lini? Ulikuwa unakuja, unazungumza habari za mvua, unaondoka!"

Bahtiar akacheka mpaka akashika taya.

"Daktari atatoa mbili zilizovunjika. Na hizi tano?"

"Zote zitoke. Sitaki wajane wa mtaa wa pili waanze kukuona mzuri."

Wakaoana Ijumaa iliyofuata. Bwana harusi alikuwa na bandeji kuanzia sikio hadi kidevu, akatamka ndoa kwa upande mmoja wa mdomo. Mashahidi hawakuelewa, wakamtaka arudie mara tatu ndipo wakasema imeswihi.

Bibi harusi alisema yeye alimsikia tangu ya kwanza.