Udongo wa Nyumba ya Jangbu

Zamani asubuhi za kijijini kwetu zilianza kwa mikono ya wanawake ukutani. Kabla ya chai, kila mama alichovya kitambaa katika tope jekundu lililochanganywa na kinyesi cha ng'ombe. Alipaka kizingiti, akapaka sakafu, akapaka ukuta hadi mkono ulipofikia. Jua lilipotokeza nyuma ya mlima, mteremko mzima ulikuwa mwekundu. Mahindi yalining'inia chini ya paa, mafungu kwa mafungu. Nyumba zetu zilikuwa za mawe na tope, nazo zilikuwa nzuri. Asiyewahi kukaa ndani yake wakati wa baridi, karibu na jiko, asituambie lolote.

Lakini zilikuwa na kasoro. Mawe yalishikwa na tope, na tope halikushikwa na chochote. Jumamosi moja mchana ardhi ilitikisika. Vumbi lilipotulia, hapakuwa na nyumba iliyosimama.

Jangbu alikuwa ndani akisuka kikapu cha mianzi. Walimtoa akiwa amekwisha kufa. Mkewe, Mhendo, alikuwa shambani akipalilia mahindi, ndiyo maana alipona.

Baada ya hapo familia iliishi kwenye kibanda cha mabati: Mhendo, mwanawe Urgen, na Sanimaya, mke wa Urgen. Kiangazi kibanda kilichoma kama kikaango, na wakati wa baridi maji ya umande yalidondoka juu ya blanketi. Kifusi cha nyumba kilibaki palepale. Maboga yalijiotea juu yake. Mhendo hakuruhusu jembe likiguse. Watu walipomwambia kiondolewe, aliwajibu wasubiri afe kwanza.

Urgen alikuwa na pasipoti mfukoni. Wakala wa mjini alimtafutia kazi katika nchi za Ghuba. Alisema angerudi na pesa za kujenga nyumba ya saruji, kama za watu wa kando ya barabara kuu. Sanimaya hakutaka. Aliwajua wanaume waliokwenda huko. Wengine walirudi na saa za mkononi, na watoto wao wakawakimbia kwa kutowajua. Wengine walirudi ndani ya sanduku.

Sanimaya alikuwa amejifunza kufyatua matofali ya udongo kwa mashine ya mkono. Matofali hayo hayachomwi, kwa hiyo hayamalizi kuni za msitu. Yeye na majirani wawili waliiazima mashine kwenye chama cha wakulima. Akapatana na mumewe: matofali yakiwa imara, Urgen abaki wawafyatulie kijiji kizima. Yakishindwa, aondoke baada ya sikukuu ya mwaka mpya.

Walichagua udongo bora waliokuwa wakiujua, ule mwekundu wa kwenye shimo ambako wanawake huchimba udongo wa kupaka kuta. Kwetu hapakuwa na udongo mwingine wenye heshima. Wakayaanika matofali juani, kama tunavyoanika mahindi. Baada ya siku chache yalipasuka kama shamba lililokosa mvua. Urgen aliinua moja, likakatika mkononi mwake. Akacheka kidogo, cheko la mtu aliyeshinda shindano asilolitaka. Siku hiyohiyo alimpigia wakala simu.

Sanimaya akateremka hadi kijiji cha pili kumwita Bipana, fundi mwashi aliyemfundisha kutumia mashine. Bipana alifika, akayazunguka matofali, akayapiga teke moja moja.

"Kaka Urgen, mmefyatua matofali au mmeoka mikate?"

"Mikate ingelika," Urgen akajibu.

Bipana akaomba chupa. Alitia udongo mwekundu, akajaza maji, akatikisa, akaiacha itulie. Mchanga ulikaa chini, kidogo sana. Juu yake ukakaa udongo wa mfinyanzi, mnene. Akawaeleza kwamba udongo huo ukinywa maji huvimba, na ukikauka hunywea na kupasuka. Unafaa kuwa ngozi ya ukuta, lakini haufai kuwa mifupa yake. Tofali linataka mchanga mwingi na udongo wa mfinyanzi kiasi. Sanimaya akauliza kuhusu udongo wa shambani. Bipana akakataa. Ule mweusi una mizizi na mboji, huoza ndani ya tofali, tena ndio unaowalisha.

Kisha akakisogelea kifusi. Sanimaya alimkonyeza, lakini alikuwa amechelewa. Bipana alichota konzi moja, akatia kwenye chupa, akatikisa. Mchanga ulikaa mwingi, udongo wa mfinyanzi ukakaa kiasi.

"Huu hapa," alisema. "Mnalala kando yake."

"Huo una mwenyewe," Mhendo akasema. Alikuwa amekaa akipukuchua mahindi.

Bipana akaomba radhi. Mhendo akauliza kama ule mwekundu hautafaa hata kidogo.

"Kwa kupaka, mama, hakuna unaoushinda. Kwa tofali, hapana."

"Na huyu anaondoka lini?"

Urgen akatazama chini. Akasema tiketi ilikuwa tayari.

Mhendo aliweka chini gunzi. Akapanda juu ya kifusi, akachuma maboga yote, akayapanga kando ya kibanda. Alipomaliza alikuwa akihema.

"Leteni jembe," akasema. "Nimelinda kifusi, na mtoto ananitoka. Jangbu angenicheka."

Urgen ndiye aliyepiga jembe la kwanza.

Mawe waliyatenga kwa ajili ya msingi. Udongo waliuchekecha, wakatoa nyasi, mizizi na vipande vya plasta ya zamani. Kwa kila ndoo kumi za udongo walitia ndoo moja ya saruji. Maji waliyatia kidogo kidogo. Bipana aliwafundisha kufinya donge kiganjani na kuliachia lianguke kutoka usawa wa kifua. Likivunjika vipande vichache, maji yanatosha. Likiwa vumbi, yamepungua. Likibaki donge zima, yamezidi.

Urgen alikuwa akiyabeba matofali kuyapeleka juani Bipana alipomzuia. Alitaka yawekwe kivulini, yafunikwe turubai na nyasi, na yanyunyiziwe maji kila siku kwa wiki nne.

"Tofali la udongo linamwagiwa maji?" Urgen akauliza. "Si litayeyuka?"

"Ndani mna saruji, kaka. Saruji haianikwi, inanyweshwa. Ukiianika mapema inakufa na kiu yake."

Kazi ya kunyunyiza aliichukua Mhendo. Aliyafunika matofali kama vifaranga, na ole wake aliyesogeza nyasi bila kumwambia.

Ukuta ulipanda haraka, kwa sababu kila tofali lina meno yanayoliuma la chini yake, na lina matundu. Katika pembe zote na kando ya milango, nondo zilitoka kwenye msingi zikapita matunduni, na matundu yakajazwa zege. Chini ya madirisha na juu ya milango walizungusha mkanda wa zege wenye nondo, ili ardhi ikitikisika kuta zote zishikane. Nyumba ilikuwa fupi, bila ghorofa. Wazee walinung'unika, wakauliza mahindi yatatundikwa wapi. Sanimaya aliwaonyesha paa.

Majirani walikuja kuyapiga matofali kwa nyundo na kuyaloweka ndooni. Kisha wakaleta udongo wao upimwe. Wakala alipopiga simu, Urgen alikuwa kwenye mashine, mikono imejaa tope. Sanimaya akapokea.

"Mume wangu ameshapata kazi," akasema, akakata.

Kabla ya mwaka mpya Mhendo alikwenda shimoni, akaleta udongo mwekundu. Akapaka kuta zote, nje na ndani. Karibu na jiko aliacha sehemu moja tupu, matofali yakionekana. Jirani mmoja akamwambia amesahau kupamaliza.

Mhendo akasema hakusahau.

Usiku wa sikukuu Urgen aliingia amechoka, akapokea sima yake ya ulezi, akakaa na kuegemeza mgongo palepale penye matofali tupu.

"Tope jekundu linachafua shati," Mhendo akamwambia yule jirani, aliyekuja kula nao sikukuu. "Baba yake alinigombeza kwa hilo maisha yake yote, na mimi nikawa napaka tu."