Waliong'ang'ania Lori
Jioni moja ya mwaka 2012 nilifika mtaa wa Nyamityobora kumtafuta mzee Nsengimana. Mwaka 1964, jeshi lilipowahamisha majeruhi kutoka Uvira, yeye aliendesha lori la mwisho. Bibi yangu Annonciata alikuwa muuguzi ndani yake. Kwetu Bibi ni shujaa. Mimi, kwa kiherehere changu, nilimpa binti yangu jina lake.

Tangu mtoto atimize miaka sita, kila magharibi alikuwa akipiga kelele huku vidole vikimvimba. Dawa hazikusaidia. Mchungaji wetu pale nyumbani Misiera akaniambia, "Orpa, kaulize hilo jina limebeba nini."

Molly, mwenye nyumba, alinionyesha chumba cha nyuma. "Mzee iko pale. Lakini yeye hapana penda wageni."

Nilipouliza jina la Bibi Annonciata limebeba nini, mzee alizima redio.

"Lori ilikuwa imejaa," alinong'ona. "Batu bakashika mulango wa nyuma. Waasi balikuwa karibu. Nyanya yako akakamata chuma ya kufungulia mapine, akapiga vidole. Mama moja, mwenye mutoto mugongoni, alipigwa mpaka mifupa ikatoka. Hakuachilia. Nyanya yako akamukata vidole na panga."

Nilitamani kumwita mwongo.

"Angebaacha, tungekufa wote," akasema. "Tulipofika Bukavu, mimi ndiye nilitoa vile vidole mu lori... Nani alikamata jina yake?"

"Binti yangu. Yuko Misiera."

Mzee akaruka, kiti kikaanguka.

"Mama, ulisemea nini fasi mutoto iko? Kwetu mwenye kubeba jina ya mutu ni ule mutu mwenyewe!"

Kwa... kwa... kwa...

Kitu kiligonga bati la mlango, chini kabisa. Harufu ya mazuti, mafuta ya lori, na damu ikajaa chumbani.

"Bale balishika lori banafuataka mimi kila magharibi," alinong'ona. "Banaulizaka nyanya yako iko fasi gani."

Kwa... kwa...

Kimya.

"Bamesikia. Bameenda."

Nilimpigia mume wangu simu.

"Joël, mtoto yuko wapi?"

"Iko hapa. Kuna mama ku mulango, na mutoto mugongoni. Mikono yake imefungwa bitambaa. Anatafuta Annonciata."

"Usifungue!"

"Mutoto ameisha kufungua..."

Nikasikia chuma kikigonga mfupa.

Mara moja.

Mara ya pili.

Kisha mwanangu akalia kilio ambacho sitakisahau hadi kaburini.

Joël hukumbuka upepo tu, na mlango wa bati uliojibamiza kwenye mkono wa mtoto. Kuhusu yule mama hataki kuulizwa. Nilirudi usiku uleule; tulivitafuta vidole vyake vinne vilivyokatika kwa tochi hadi kulipokucha, hatukupata hata kimoja.

Kanisani tulimbadilisha jina. Sasa ni Viviane, yuko darasa la tatu, anaandika kwa mkono wa kushoto.

Namwita Viviane, Viviane, mpaka sauti inakauka. Hageuki.