Filamu Ambayo Hakuimaliza

Wa kwanza kumwambia alikuwa wifi yake, dada wa mumewe, na alimwambia dukani mbele ya wateja, kwa sauti ya mtu anayerudisha sufuria iliyotoboka.

"Wifi, ile filamu yako haiishi."

Ilikuwa Jumatatu asubuhi. Yeye alikuwa nyuma ya mashine ya fotokopi, mtoto mgongoni, akipanga kurasa za mteja. Alicheka kidogo. "Inaisha. Ni ya saa moja na dakika kumi na nane. Niliandika."

"Uliandika, sawa. Mama alikaa kuitazama Ijumaa baada ya chakula cha mchana. Leo siku gani?"

"Labda inajirudia."

"Ingekuwa inajirudia, mimi ningetoka nyumbani na ndala za rangi mbili?"

Wateja wakaangalia miguu yake. Kweli, moja ya bluu, moja nyekundu. Hakuna aliyecheka.

Mtaani walimwita Mama Bure. Jina hilo lilitokana na kazi ambayo hakuna aliyemtuma. Kila Ijumaa alfajiri aliwatumia watu kwenye simu orodha ya filamu tano za zamani ambazo mtu angeweza kuzitazama mtandaoni bila kulipa hata senti: ipo kwenye programu gani, matangazo yake yanakera kiasi gani, inataka ujiandikishe au haitaki, na watoto watolewe chumbani dakika ya ngapi. Alianza kwa ajili ya mama mkwe wake, aliyevunjika nyonga akawa mtu wa kitandani. Mama mkwe akamsifia kwa jirani, jirani akamwambia kinyozi, na orodha ikafika kwa watu ambao hajawahi kuwaona. Hilo lilimfaa. Alikuwa mwenye haya, wa kudondosha kalamu akisalimiwa ghafla, lakini kwenye maandishi ulimi wake ulifunguka. Filamu ya mwizi wa saa mwenye huruma, filamu ya dada wawili wanaogombea piano moja; aliziandika kwa mistari mitatu, na mtu aliyekuwa amechoka akajikuta ameamka kuitafuta rimoti.

Wasomaji wake walikuwa na mtindo wao. Ukianza filamu, unamtumia neno moja: "Nimekaa." Ikiisha unaandika "Nimemaliza," na hapo ndipo ugomvi unapoanza, huyu akisema yule bwana alistahili kuachwa, yule akisema hakuna mwanamke wa namna ile duniani. Naye, chini ya kila orodha, aliweka sentensi ileile: "Zote nimezitazama mwenyewe, mwanzo hadi mwisho."

Ijumaa iliyopita sentensi hiyo ilikuwa uongo.

Alhamisi mtoto alishikwa na homa. Filamu nne alikuwa ameshazitazama. Ya tano ilikuwa moja aliyoikuta chini kabisa ya programu ya bure, picha nyeusi na nyeupe, ikiitwa Mgeni wa Saa Tisa. Aliitazama dakika kumi, kitambaa chenye maji mkononi. Familia imekaa mezani. Kiti kimoja kitupu. Mlango unagongwa, mwanamke mwenye nguo ndefu anaingia na kukaa, mgongo wake umeelekea kwa watazamaji. Hapo usingizi ukamchukua. Alipoamka muda wa kutuma ulikuwa umefika, akaandika: "Tulivu, ya kifamilia. Mwisho wake utakufurahisha." Akatuma.

Sasa alitoa simu mfukoni, akapitia ujumbe wa siku tatu. Kwa Mgeni wa Saa Tisa waliomwandikia "Nimekaa" walikuwa arobaini na mmoja, mama mkwe akiwa wa kwanza. "Nimemaliza" hakuna hata mmoja. Alipitia tena kutoka chini kwenda juu, kama vile kwa upande huo zingeonekana.

"Ulijaribu kuizima?" akauliza.

Wifi akasogea karibu na kushusha sauti. "Nilichomoa waya Jumamosi."

"Ikawaje?"

"Mama akaendelea kutazama."

"Atatazama nini na televisheni imezimwa?"

"Ukuta, wifi. Anatazama ukuta."

Mwenye duka, mzee mcheshi ambaye kila asubuhi humuuliza "Mama Bure, leo unatupa nini?", safari hii alimtazama usoni tu, akasema, "Nenda. Mashine nitaiangalia mimi."

Nyumba ya mama mkwe ilikuwa mtaa wa pili. Kabla ya kufungua mlango harufu iliwafikia, ya siki, kali, kama chupa imevunjikia kwenye mkeka. "Nimepiga deki mara nne," wifi alinong'ona. "Inatoka chumbani kwake." Kulikuwa na mlio pia, trrrr, trrrr, kama cherehani inayokimbia bila nguo, na katika nyumba ile hapakuwa na cherehani.

Mama mkwe alikuwa ameegemezwa kwenye mito mitatu. Pazia limefungwa, televisheni nyeusi tii, waya wake umelala sakafuni. Lakini usoni mwake mwanga ulikuwa unacheza, unafifia na kurudi, mwanga usio na taa. Na gauni lake la maua, lile la njano na machungwa alilokuwa akitaniwa kwamba linaweza kuamsha jogoo, lilikuwa limepauka kuanzia pindoni hadi kifuani. Si kwa uchafu wala kwa jua. Rangi ilikuwa imeondoka, yamebaki maua ya kijivu.

"Mkwe wangu," akasema mama bila kugeuka. "Kaa. Anakaribia kugeuka."

"Nani, mama?"

"Mgeni. Si uliandika mwisho wake unafurahisha? Nausubiri huo mwisho."

"Mama, umekula?"

"Tutakula wote. Meza imeshaandaliwa."

Alikaa ukingoni mwa kitanda, na alipokaa tu ukutani pakaanza kuonekana kitu, kwanza kama doa la maji, kisha meza, kisha watu walioizunguka, na mgongo wa yule mwanamke mrefu, umetulia, na pembeni ya meza, akipanga sahani kwa mikono miwili, amesimama wima kama mtu ambaye nyonga yake haijawahi kuvunjika, mama mkwe wake mwenyewe.

Akaruka akasimama. Ukuta ukawa ukuta. Mtoto mgongoni akaanza kulia, na kilio chake kikamrudishia akili.

"Tafuta mtu," akamwambia wifi.

Mganga alifika alasiri. Alikuwa mwanamke mnene, mfupi, aliyewahi kuwa muuguzi kabla ya kuanza kutibu majini, na bado alikuwa na ile tabia ya wauguzi ya kumkaripia kila aliye na afya. Hakuja na ngoma wala ubani. Aliweka mkoba chini, akanusa, akapitisha kiganja mbele ya macho ya mgonjwa. Macho hayakupepesa.

"Jini," akasema, kama anayetaja malaria. "Na huyu hakutumwa. Angetumwa ningeona fujo, vyombo kuvunjika, watu kutupwa. Huyu ameingia kwa mlango, amekaa kwa adabu. Amekaribishwa."

"Nani amkaribishe jini?" wifi akauliza.

"Jini wa namna hii haingii nyumba isiyomjua mpaka apate mdhamini. Mtu anayeaminika aseme: huyu namjua, mfungulieni. Nani aliwaambia watazame kitu hiki?"

Wifi akamgeukia Mama Bure. 

Mashavu ya Mama Bure yakawaka moto. Angeweza kusema pale pale. Lakini alifikiria wale watu wote, kinyozi, walimu, wazee wa mbali waliomwita "binti yetu mkweli". Alifikiria na mama aliyelala pale, ambaye hakuwahi kumwita mwongo hata siku moja. 

"Mimi," akasema. "Lakini niliitazama. Nilitazama yote."

Mlio ukaongezeka kasi. Wakaona wote watatu, mchana kweupe, ule ukijivu ukipanda kutoka kifuani mwa mama kama wino unaonyonywa na karatasi, ukapita shingoni, ukashika kidevu, na midomo yake ikawa na rangi ya majivu, na wakati huohuo ukutani, bila yeyote kuwa amekaa, meza ikajitokeza, ikang'aa, na bega la yule mwanamke aliyewapa mgongo likaanza kusogea, polepole, kwa raha, kama mtu aliyeitwa jina lake na anayejua kwamba hakuna haraka, likasogea mpaka ukaonekana ukingo wa shavu, na nyuma ya shavu hilo, pale ambapo jicho lilipaswa kuanza, hapakuanza kitu.

"Wewe binti!" mganga akafoka. "Umemlisha! Sema kweli, sema kabla hajageuka!"

"Sikuitazama," akasema.

"Unamwambia nani, mende? Mama aliyekaa kutazama ndiye asikie!"

Akapiga magoti, akashika uso wa mama mkwe kwa mikono miwili. Ulikuwa baridi na laini kama picha.

"Mama! Sikuitazama! Mtoto alikuwa na homa, niliona dakika kumi nikalala. Nikaandika uongo. Huyo mgeni simjui, mama. Mwisho siujui. Simjui!"

Mlio ukakatika. Ukutani watu wote wa mezani waliinua nyuso wakamtazama yeye, na mgeni akabaki amekomea pale pale, nusu shavu. Kisha wakasikia kiti kikiburutwa, si ukutani, bali chini ya miguu yao, juu ya saruji. Kitu kirefu kikapita kati ya mganga na wifi kikiwa na harufu ya siki. Mlango wa mbele ukafunguka wenyewe, ukafungwa taratibu, kama unavyofungwa na mtu aliyelelewa vizuri.

Rangi ikarudi. Maua ya njano, maua ya machungwa. Mama akapepesa macho na kumtazama mkwewe aliyekuwa bado amemshika mashavu.

"Humjui?"

"Simjui, mama. Nisamehe."

"Siku tatu," akasema mama, sauti imekauka, "siku tatu nimekaa kama mzigo wa kituoni nikimsubiri mtu ambaye wewe humjui? Niletee uji. Na huko unakokwenda kuuleta ulie, maana ukilia hapa mimi nitakusamehe upesi, na sitaki."

Wifi aliangua kicheko kilichogeuka kilio.

Mganga alikuwa anafunga mkoba wake. "Hapa ametoka. Wengine wangapi?"

"Arobaini."

"Basi bado ana watu arobaini, na kila siku anapogeuka kidogo ananyonya rangi ya mtu. Usiku huu ana hasira, ukimchokoza atakufuata wewe na huyo mtoto. Kukipambazuka anza."

"Nitawaandikia wote sasa hivi, wakiamka wasome."

"Waliokaa hawasomi. Wasikie kinywani mwako, mmoja mmoja."

Aliandika hata hivyo. Kuandika alikujua, kusema kulimtisha kuliko kile alichokiona ukutani. Jioni ile, mtoto amelala bila homa, alitunga ujumbe mzuri usio na kosa hata la nukta, akakiri kila kitu, akawatumia watu arobaini. Akakaa akiutazama. Haukusomwa na hata mmoja.

Asubuhi iliyofuata alifika dukani kabla ya mwenye duka. Akakaa nyuma ya mashine ya fotokopi, mtoto mgongoni, akapiga namba ya kwanza. Alipokea mwanamke.

"Wewe ndiye Mama Bure? Mume wangu hajala tangu Ijumaa, amekuwa kama picha ya kitambulisho!"

"Dada, mwekee simu sikioni."

Akasema. Sauti ilitoka nyembamba, ikabidi arudie. Upande wa pili kikasikika kikohozi, na mwanamume akauliza kwa hasira, "Nani kafunga madirisha?" Mwanamke akapiga kelele ya furaha. Simu ikakatwa bila asante.

Namba ya pili ilikuwa ya kinyozi, aliyemtukana mara alipozinduka. Ya tatu mtoto wa shule alimpelekea bibi yake simu. Kufikia ya kumi wateja walikuwa wameanza kuingia, na yeye alikuwa ameinama mashine imfiche, akisema "sikuitazama, niliongopa" chinichini, masikio yanawaka.

Namba ya kumi na moja ilipokelewa kabla haijaita.

"Tumekaa," ikasema sauti ya mwanamke, tulivu, yenye adabu. Nyuma yake hapakuwa na sauti ya mtu mwingine. "Tunakusubiri wewe tu. Njoo utazame mwisho, ili uliloandika liwe kweli."

Kidole chake kilikuwa tayari juu ya kitufe cha kukata. Katika nyumba ile aliishi mwalimu mstaafu na mkewe. Walimwandikia "Nimekaa" wote wawili, kila mmoja kwa simu yake.

"Mwalimu," akasema. "Sikuitazama."

"Hasikii," ikajibu sauti. "Unaongea kwa sauti ndogo mno."

Akasimama. Wateja wakageuka. Mwenye duka, aliyekuwa ndiyo kwanza anaingia, alimwona alivyo, akanyoosha mkono na kuizima mashine, na duka zima likawa kimya.

"Mwalimu!" akapaza sauti, mpaka wapita njia wakasimama mlangoni. "Mimi ni mwongo! Sikuitazama! Huyo aliyekaa kwenu simjui!"

 Kisha, mbali sana ndani ya simu, sauti ya mzee ikauliza, "Nani?"

Akavuta pumzi, akasema tena, kwa nguvu zaidi.