Rangi Kwenye Meno ya Kibanio

Kila Jumamosi, akishafua sare zake za shule, Chiriku alikwenda kumsaidia shangazi yake kwenye karakana ya kuchomelea vyuma. Jina hilo lilitokana na mdomo wake. Akianza kusimulia mambo ya darasani, hata kelele za grinda hazikumnyamazisha. Kazi zake zilikuwa kufagia, kupanga spana kwa ukubwa, na kukaa nyuma ya pazia zito wakati wa kuchomelea, ili mwanga mkali usimuumize macho.

Siku hiyo walikuwa wakimalizia reli ya ngazi za shule ya chekechea. Mtoto mmoja aliwahi kuteleza pale, na Jumatatu watoto wangerudi kutoka likizo.

Shangazi alishusha kinyago usoni, akagusisha kijiti cha kuchomelea kwenye bomba. Cheche ziliruka kidogo, kisha kijiti kikanata. Akakivuta na kujaribu tena. Kikanata tena.

"Leo mashine imeamka na kisirani," alisema.

Akaongeza ampea, yaani nguvu ya umeme wa mashine. Moto uliwaka, ukafifia, kisha ukapanda ghafla na kutoboa bomba. Shangazi akazima mashine, akavua kinyago.

"Ampea zikipungua, kijiti kinanata. Zikizidi, bomba linatoboka," alisema polepole. "Mashine haiwezi kuwa na njaa na shibe kwa wakati mmoja. Kuna mahali umeme unakwama."

Alichomoa waya ukutani, akaanza kukagua. Vijiti vilikuwa vikavu. Waya wa kurefushia haukuwa na joto, wala haukujikunja. Viungo vya waya vilikuwa vimekaza. Akakitikisa kibanio, kile kinachobana chuma ili umeme urudi kwenye mashine. Kilibana sawasawa.

"Basi ugonjwa uko ndani. Fundi umeme ataifungua, na hawezi kuimaliza leo wala kesho. Watoto watapanda ngazi bila reli."

Shangazi aligeukia pazia.

"Chiriku, mbona kimya? Umekula gundi?"

Chiriku alikitazama kibanio kupitia upenyo wa pazia. Jana jioni alipita karakanani, na shangazi alipokwenda kumpelekea mteja dirisha, Chiriku alichukua rangi ya bluu iliyobaki na kupaka vifaa ili kumfurahisha. Asubuhi shangazi alicheka sana, akasema karakana imevaa kama bibi harusi. Hakujua kwamba brashi ilipita hadi ndani ya meno ya kibanio.

Shangazi alianza kufunga waya za mashine kwa safari ya kwenda kwa fundi. Hapo Chiriku akatoka.

"Shangazi, nikikwambia kitu utanifukuza hapa?"

"Nikufukuze uende wapi, na wewe ndiye redio yangu?"

"Kibanio nilikipaka kote. Hata ndani ya meno."

Shangazi alikifungua kibanio, akachungulia. Akakaa kwenye kigoda, akacheka hadi akafuta machozi.

"Njoo uone," alimwita. "Umeme unapita kwenye kijiti, unaingia kwenye bomba, halafu unarudi nyumbani kupitia hapa. Rangi inaufungia mlango. Meno yakigusa chuma kidogo, unapenya kwa taabu. Yakichimbua rangi, unapita kwa kishindo, na mimi nilikuwa nimeshaongeza ampea."

Alimpa brashi ya waya na msasa. Chiriku alisugua meno mpaka yakang'aa, kisha akasugua pia mahali pa bomba ambapo kibanio kingebana. Shangazi akarudisha ampea zilipokuwa, akachomeka waya. Kutoka nyuma ya pazia, Chiriku alisikia sauti moja tulivu, kama kitunguu kinachokaangwa kwenye mafuta. Tundu likazibwa, na viungo vyote vikashika.

Vilipopoa, shangazi aliiegemea reli kwa uzito wake wote. Haikutikisika.

"Nilidhani utanichukia," Chiriku alisema.

"Kwa kunipendezeshea nyundo?" Shangazi alimvuta karibu. "Sikiliza, mwanangu. Siku nyingine, kabla hujapaka kitu, uliza kwanza kinafanya kazi gani. Lakini kosa hilo tumelimaliza kwa brashi na msasa kwa sababu umelisema. Ungenyamaza, tungepasua mashine isiyo na hatia, na watoto wangekosa pa kushika. Ukikosea, niambie mapema, hata kama sauti inatetemeka. Mimi nitasikia tu."